"Chanjo si lazima" na "chanjo haihitajiki": uzi kwa tuliofanya kazi ya kuhamasisha chanjo ya korona Marekani

#1 mkalimani_wa_zamu (mleta uzi)

Ndugu zangu, salaam. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili nimelibeba tangu 2021 na sijawahi kuliandika popote.

Mimi ni mkalimani wa hospitali, naishi Marekani, jimbo moja la katikati ya nchi. Mwanzoni mwa 2021, chanjo za korona zilipoanza kufika, shirika dogo linalohudumia wakimbizi lilipata mkataba wa idara ya afya ya jimbo. Kazi ilikuwa kupigia simu kaya zinazozungumza Kiswahili, kuwaeleza, kisha kuwaandikia miadi. Wengi walikuwa Wakongo, wachache Warundi na Watanzania. Nikapewa orodha ya namba na kipeperushi cha kurasa mbili ambacho kilishatumwa kwa posta kabla sisi hatujaajiriwa.

Wiki ya pili nikampigia mama mmoja mtu mzima, anaishi na wajukuu wanne. Nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, ndipo nikaingia kwenye shughuli yangu. Akanisikiliza kwa adabu zote, halafu akasema: "Mwanangu, barua yenu ninayo hapa mezani. Mjukuu amenisomea. Imesema chanjo haihitajiki. Sasa kama haihitajiki, mimi nikaifuate ya nini kwenye theluji hii?"

Nikafungua nakala yangu. Kweli, ilikuwa imeandikwa hivyo. Kiingereza chake kilisema hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuchanja, na mashine ya kutafsiri ikatoa "haihitajiki". Ukimwambia mtu "si lazima" unamwachia uamuzi mkononi. Ukimwambia "haihitajiki" umeshamwamulia kwamba asijisumbue. Yule mama hakuwa mkaidi wala hakuwa na habari za mitandaoni. Alifuata maelekezo ya serikali kama yalivyomfikia.

Msidhani ni sisi wa Kiswahili peke yetu. Miezi hiyohiyo, tovuti ya Idara ya Afya ya Virginia iliyokuwa ikitafsiriwa na mashine iliwaambia wasomaji wa Kihispania kwamba chanjo "no será necesaria", yaani haitahitajika. Mtego ni uleule na neno ni lilelile. Ilitoka kwenye magazeti. Nilipoisoma nilitetemeka, maana nilijua kipeperushi chetu bado kipo kwenye meza za watu.

Usiku ule nikakaa na kalamu. Palipoandikwa "madhara" ya chanjo, Kiingereza kilikuwa kinazungumzia mkono kuuma, homa ya siku moja, uchovu. Kwa Mswahili madhara ni uharibifu. Nani apeleke mwili wake kwenye kitu ambacho mwenyewe mtoaji ameorodhesha madhara yake saba? Wahudumu wa afya ya uzazi kwetu walishalitatua hili zamani, wanasema "maudhi madogomadogo", na kila mama anaelewa kwamba ni usumbufu unaopita. Palipoandikwa "idhini ya matumizi ya dharura", yaani ruhusa ya kuitumia chanjo kabla ya kibali kamili, watu walielewa kwamba chanjo ni ya mtu aliyezidiwa, anayepelekwa na gari la wagonjwa. Mzee mmoja aliniambia wazi: "Nikifikia dharura nitakuja." Na "bure" nililifuta kote nikaweka "hulipi chochote, hata kama huna bima", kwa sababu bure kwetu ni pia kitu kisicho na thamani.

Nilipeleka masahihisho. Jibu lilichukua wiki tano kurudi. Katika wiki hizo tano tuliendelea kupiga simu, na kila simu ilianza kwa kupingana na karatasi iliyokuja na nembo ya serikali.

Nimefungua uzi huu kwa sababu nasikia watu wakisema "watu wetu walikataa chanjo". Mimi nilikuwa upande wa pili wa simu. Wapo waliokataa, sikatai. Lakini wapo waliokuwa hawajaamua, na wapo ambao hatukuwahi kuwafikia kabisa, ila kwenye takwimu wote walisimama safu moja. Mliofanya kazi hii majimbo mengine, leteni yenu.

#2 Tabibu_mdogo

Mleta uzi, hilo la "dharura" limenigusa. Mimi ni mfamasia. Idhini za kwanza zilitoka Desemba 2020, Pfizer tarehe 11 na Moderna tarehe 18, na mpaka Agosti 23, 2021 Pfizer ilipopata kibali kamili nilikuwa naulizwa kila siku: "Kwa hiyo ni ya majaribio?" Na jibu langu mwanzoni lilikuwa baya. Nilikuwa nasema "imeshamaliza majaribio", mtu anasikia neno la mwisho tu, anaondoka nalo.

Baadaye nikajifunza kuanza na idadi ya watu. "Kabla yako, zaidi ya watu 40,000 walijitolea kwenye utafiti wa Pfizer, nusu wakachomwa chanjo yenyewe na nusu maji ya chumvi, wakafuatiliwa." Hapo mtu ananyamaza, anafikiri. Halafu anauliza swali la kweli, kwa kawaida ni kuhusu presha au mimba.

#3 Dada_wa_Columbus

Habari zenu. Mimi ni nesi, nilikuwa Ohio wakati ule na bado nipo.

Naomba niongeze upande wa bahati nasibu, maana Ohio ndiyo iliyoanza. Mei 12, 2021 Gavana Mike DeWine alitangaza kwamba mtu mzima aliyechanja ataingia kwenye droo: dola milioni 1 kila wiki kwa wiki tano, na vijana wa miaka 12 hadi 17 washindanie udhamini wa chuo. Majimbo mengine mengi yakaiga. Wiki ile ya kwanza tulizidiwa na watu, nami niliamini dawa imepatikana.

Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipolinganisha Ohio na majimbo mengine, hawakuona ushahidi kwamba droo iliongeza chanjo. Siku zilezile ndipo watoto wa miaka 12 hadi 15 waliporuhusiwa kuchanja nchi nzima, kwa hiyo foleni ya kwangu ilijaa wazazi na watoto wao. Nikikumbuka nyuso za siku zile, ni kweli. Walikuwa wazazi.

Wale wa kwangu ambao hawakuja kabla ya droo hawakuja baada ya droo pia. Baba mmoja wa kiwanda cha nyama aliniambia: "Dada, kama kitu ni kizuri, mbona wananihonga?" Sikuwa na jibu la haraka. Shida yake halisi ilikuwa homa ya siku ya pili. Akikosa zamu moja anapewa alama, alama tatu anafukuzwa. Aprili ile serikali kuu ilishatangaza nafuu ya kodi kwa waajiri wenye wafanyakazi chini ya 500 watakaowalipa watu siku ya kuchanja na ya kuugua. Hakuna aliyemwambia. Tangazo la droo lilikuwa kila kituo cha basi, tangazo la siku ya mapumziko yenye malipo sikuliona hata mara moja.

#4 mkalimani_wa_zamu

Dada, "mbona wananihonga" nimeisikia kwa maneno hayohayo. Nadhani mtu anayesita kwa sababu ya hofu, ukimwekea zawadi, unamthibitishia kwamba kuna kitu cha kuhofia.

#5 Mlima_Kijani

Salaam wote. Nipo Vermont tangu 2014, natokea Bukavu.

Huku hali ilikuwa tofauti na nadhani inafaa isemwe. Mapema kabisa kwenye janga, kabla ya chanjo, watu wa hapa waliunda kikosi cha lugha nyingi cha korona, ambacho baadaye kilikuwa mradi wa haki ya lugha wa Vermont. Walirekodi video fupi kwa Kiswahili, Kirundi, Kimaay, Kinepali, Kisomali na nyingine. Wasemaji walikuwa watu wa hapahapa ambao sauti zao tunazijua. Zilizunguka WhatsApp. Mama yangu hasomi, lakini alizisikiliza jikoni mara tatu, akawatumia dada zake.

Aprili 2021 jimbo pia likaruhusu watu weusi na wengine wasio wazungu kuchanja pamoja na wote wanaoishi nao nyumba moja, bila kungoja umri wa kila mmoja kufikiwa. Hili lilisaidia sana, maana kwetu nyumba moja ina bibi, watoto wakubwa, mashemeji. Huwezi kumwita bibi peke yake tarehe hii na mkwe mwezi ujao. Tulikwenda saba kwa gari mbili.

Juni 14, 2021 Gavana Phil Scott akaondoa vizuizi vyote vilivyobaki kwa sababu asilimia 80 ya wenye umri wa kuchanja walikuwa wamepata angalau dozi moja. Tulikuwa jimbo la kwanza kufika hapo. Najua Vermont ni ndogo, watu hawafiki 700,000. Lakini udogo peke yake hautafsiri kipeperushi.

#6 BabaWatatu

Mleta uzi, nakusoma kwa heshima, ila kuna kitu unakiruka na mimi nitakisema.

Unasema "si lazima" ndiyo tafsiri sahihi. Sawa. Niliisoma hiyo "si lazima" Januari 2021, kwa Kiingereza, nakielewa vizuri. Septemba 9 mwaka uleule Rais Biden akatangaza kwamba kampuni zenye wafanyakazi 100 na zaidi ziwalazimishe watu wachanje au wapimwe kila wiki. Mimi nilikuwa naendesha mashine ya kuinulia mizigo ghalani. Meneja alituita akasema mwisho wa kuamua ni tarehe fulani. Januari 13, 2022 Mahakama Kuu ikaizuia amri ile, lakini siku hiyohiyo ikaacha ya wafanyakazi wa afya isimame, na mke wangu ni msaidizi wa wauguzi. Kwa hiyo nyumbani kwangu "si lazima" iliisha muda wake ndani ya miezi tisa.

Nilichanja. Sijutii. Lakini nilichanja nikiwa na hasira, na mpaka leo karatasi ya idara ya afya ikija naiweka pembeni. Msitupe lawama zote kwa mashine ya kutafsiri. Hata iliyoandikwa vizuri ilivunja ahadi.

#7 mkalimani_wa_zamu

Kaka, nimeisoma hii mara nyingi kabla ya kujibu, na umesema kweli ambayo sikuwa nimeifikia.

Niliwaambia watu "si lazima" mamia ya mara. Niliisema kwa nia safi, nikijivunia kwamba nimesahihisha neno. Vuli ile simu zilipoanza kuja kinyumenyume, watu wakinipigia mimi, sauti zilikuwa zimebadilika. Mmoja alisema tu: "Ulisema si lazima." Sikumjibu chochote cha maana. Nilisema "ni serikali kuu, si jimbo", na kwake huo ulikuwa ukuta mmoja wenye milango miwili.

Leo ningeandika hivi: "Idara hii haikulazimishi. Mwajiri wako au shule wanaweza kuweka sharti lao, na sheria inaweza kubadilika. Ikibadilika tutakupigia." Ni ndefu, haivutii, na msanifu wa vipeperushi angeikata. Lakini ningeweza kusimama nayo Septemba. Na ile "tutakupigia" ndiyo ngumu kuliko yote, kwa sababu mkataba wetu uliisha Agosti 31, wiki moja na ushee kabla ya tangazo. Waliokuwa wamezoea sauti yangu waliipata habari kwa meneja.

Pole sana, na kwa shemeji pia.

#8 Tabibu_mdogo

Nakuunga mkono BabaWatatu, na hapo ndipo mfano wa West Virginia unaniuma.

Desemba 2020 serikali kuu ilipanga minyororo mikubwa ya maduka ya dawa, CVS na Walgreens, iende kuchanja wazee kwenye nyumba za kulelea wazee. West Virginia peke yake ndiyo iliyokataa mpango ule. Wakatumia maduka ya dawa madogo ya mjini na vijijini, ambayo tayari yalikuwa yanapeleka dawa kwenye nyumba zile kila wiki. Mfamasia anamjua mzee kwa jina, familia inamjua mfamasia. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamepita kwenye nyumba zote zaidi ya 200 kwa dozi ya kwanza, wakati majimbo tajiri bado yanapanga ratiba. Dunia nzima iliandika habari zao.

Halafu wenye hamu wakaisha, wakabaki wenye maswali. Juni 2021 jimbo likaja na droo ya magari, bunduki na fedha, ikapewa jina la mbwa wa Gavana Jim Justice. Vuli ya mwaka ule lilikuwa limeporomoka hadi miongoni mwa majimbo ya chini kabisa kwa waliokamilisha chanjo. Najua siasa za kitaifa zilikuwa na mkono wake, si droo peke yake. Lakini nikiwa mfamasia najiuliza kwa nini wale waliobeba mafanikio ya Desemba hawakupewa kazi ya Juni, ya kukaa na mtu dakika 20 bila kuuza kitu. Hakuna anayemlipa mfamasia kwa mazungumzo. Analipwa akichoma sindano.

#9 Dada_wa_Columbus

Na dakika 20 hizo mara nyingine ndizo zilizotuokoa. Aprili 13, 2021 chanjo ya Johnson & Johnson iliposimamishwa, sisi tulikuwa na gari la chanjo limeshapangwa kwenda kwenye nyumba za wakimbizi, na tuliichagua chanjo ile makusudi kwa sababu ni dozi moja, mtu harudi tena. Wanawake 6 walikuwa wamepata damu kuganda kwa namna ya nadra, kati ya dozi karibu milioni 6.8. Siku 10 baadaye ikaruhusiwa tena.

Siku zile 10 hatukupewa maneno ya kusema. Mwenzangu mmoja Msomali alichukua simu yake binafsi akawapigia wote waliokuwa wamechanjwa na gari letu wiki iliyotangulia, akawaambia dalili za kuangalia: kichwa kuuma sana, tumbo, mguu kuvimba, na wapi pa kwenda. Hakuna aliyemtuma. Wale aliowapigia ndio walioleta jamaa zao Mei. Waliongozana wenyewe.

#10 Kijana_wa_Nashville

Mimi nilikuwa sekondari Tennessee wakati huo, kwa hiyo nisameheni kama nakosea adabu kwa wakubwa. Nataka kusema kwamba kuna kibaya kuliko tafsiri mbaya, nacho ni kunyamaza. Julai 2021 idara ya afya ya jimbo letu ilimfukuza daktari aliyeongoza kitengo cha chanjo, Michelle Fiscus, baada ya yeye kuwatumia watoa huduma maelezo ya sheria ya lini kijana anaweza kuchanjwa bila mzazi. Wakati huohuo ikasimamisha kuwahamasisha vijana kuhusu chanjo zote, hata zile za kawaida za shule. Baadaye wakarudi nyuma sehemu kubwa. Ila mimi niliyekuwa na miaka 16, wazazi wangu hawasomi Kiingereza, nilikuwa nategemea karatasi za shule ili niwasomee. Karatasi hazikuja.

#11 Mlima_Kijani

Mdogo wangu, hujakosa adabu yoyote. Na kimya hicho kimehama. Februari 2025 Louisiana idara ya afya ilitangaza rasmi kwamba haitahamasisha tena chanjo za watu wengi kwa pamoja.

Halafu swali kwa mleta uzi. Je, idara ya jimbo ina wajibu wa kisheria kutafsiri, au ni hisani? Huku watu wanasema Machi 2025 imeondolewa.

#12 mkalimani_wa_zamu

Kilichoondolewa Machi 2025 ni amri ya rais ya mwaka 2000, iliyozitaka ofisi za serikali kuu ziweke mipango ya lugha na ziwaelekeze wanaopokea fedha zake. Lakini sura ya 6 ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ipo palepale: anayepokea fedha za serikali kuu habagui kwa asili ya mtu, na mahakama zimeshasema lugha inaingia humo. Idara za afya za majimbo karibu zote zinapokea. Tatizo ni kwamba tafsiri ya mashine nayo wanaihesabu kuwa ni tafsiri.

Ndiyo maana siku hizi nikipewa maandishi nafanya kitu kimoja kabla ya kurudisha. Namsomea mtu mmoja asiyefanya kazi ya afya, kwa simu, bila kumwonyesha karatasi. Simuulizi "umeelewa?", kwa sababu atasema ndiyo kwa heshima. Namuuliza: "Jirani akikuuliza tumeongea nini, utamwambiaje?" Kile atakachomwambia jirani ndicho kipeperushi kinachosema. Natoza saa moja ya ziada kwa hilo, na nimeshapoteza kazi mbili kwa kutoza.

Sasa na mimi naomba msaada wenu. Nina karatasi mezani, inatakiwa kesho. Tangu Septemba 2022 chanjo ya korona imekuwa ikibadilishwa kufuata virusi vinavyozunguka, na idara inataka neno la chanjo hiyo mpya. Mashine imesema "chanjo iliyosasishwa". Nilimsomea yule mama wa wajukuu wanne, namba yake bado ninayo, akasema: "Kwa hiyo ya kwanza ilikuwa mbovu, wakairekebisha."

#13 Dada_wa_Columbus

"Dozi ya nyongeza"?

#14 mkalimani_wa_zamu

Nilijaribu. Anasikia kwamba ya kwanza haikutosha, alipunjwa.

#15 BabaWatatu

Chanjo ya mafua mnaiitaje? Kila mwaka inabadilika na hakuna anayesema ya mwaka jana ilikuwa mbovu. Mke wangu huwaambia wazee wake kazini "ya msimu huu". Basi.

#16 mkalimani_wa_zamu

Nimempigia sasa hivi. Nikamuuliza jirani atamwambiaje. Kasema: "Nitamwambia imetoka ya msimu huu, kama ile ya mafua, na mwenye presha aulize kwanza."

Presha sikuitaja, kaiweka mwenyewe. Nimeongeza mstari kuhusu kuuliza mfamasia na nimeandika "chanjo ya korona ya msimu huu" kote. Asante BabaWatatu, na mfikishie shemeji salaam. Naituma asubuhi.